Sahani za Santuri na Historia ya Uhehe

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma za wenyeji, na huku Uhehe alinasa mlio wa ligombo. Kazi yake yahifadhiwa Afrika Kusini. Lakini nyimbo laini za dansi ni nani aliyezihifadhi? Anayetaka kuandika historia ya Tosamaganga hana budi kuzitafuta katika masanduku ya wazee.

Bendi zetu zilipenda jina la jazi, Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz miongoni mwao, ingawa nyingi zilifuata zaidi rumba ya Kuba, ambayo HMV ilianza kuieneza Afrika mwaka 1933 kwa sahani za GV. Salum Abdallah wa Morogoro hakuificha asili hiyo: bendi yake aliiita Cuban Marimba.

Sahani za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, nazo huvunjika kama kigae. (Zisioshwe kwa spiriti, maana huziyeyusha.) Hata kipande kisitupwe: karatasi ya katikati hutaja mwimbaji, kampuni na namba, na kwa namba hiyo mwaka waweza kukisiwa. Mikwaruzo nayo isidharauliwe. Upande uliochakaa ndio watu walioucheza.