Ukomohedhi hubisha hodi miaka kadha kabla ya kuingia

KISWAHILI kina msemo maalumu wa kumtaja msichana anayeanza kupata hedhi: huambiwa amevunja ungo. Kina pia neno la hali ya mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kabisa, nalo ni ukomohedhi. Lakini kwa ile miaka inayotangulia ukomo huo, miaka ambayo hedhi huruka mwezi, ikarudi kwa kishindo, kisha ikapotea tena, lugha yetu haijapata neno moja lililokubaliwa na wote. Wahudumu wa afya hulazimika kusema “kipindi cha kuelekea ukomohedhi”, na hivyo ndivyo kitakavyoitwa katika makala haya.

Jambo lisilo na jina ni vigumu kulieleza mbele ya tabibu. Si ajabu basi kumpata mwanamke wa miaka 44 ambaye amepimwa malaria mara tatu katika muda wa miezi miwili, akapewa dawa za usingizi na za kutuliza maumivu, ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza swali la msingi: hedhi yako ya mwisho ilikuja lini, na ile iliyoitangulia je?

Tuanze na maana. Kitabibu, ukomohedhi hutambuliwa kwa kutazama nyuma. Mwanamke husemekana ameufikia pale inapotimia miezi 12 mfululizo bila kuona damu, mradi hana mimba, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayozuia hedhi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake wengi huufikia wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Kipindi cha kuelekea huko huanza pale mabadiliko ya kwanza yanapojitokeza na humalizika mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho.

Kwa wengi mabadiliko hayo huanza katikati ya miaka ya arobaini, ingawa wapo wanaoyaona wakiwa bado na miaka 38 au 39. Kwa wastani kipindi chenyewe huchukua takriban miaka minne. Wastani, hata hivyo, huficha mengi: kuna anayevuka kwa miezi michache tu, na kuna anayesumbuka kwa miaka minane au zaidi.

Urithi una nafasi yake, hivyo ni vyema binti kumuuliza mamake alikatikiwa na hedhi akiwa na umri gani. Uvutaji sigara huharakisha ukomo huo kwa mwaka mmoja au miwili. Baadhi ya matibabu ya saratani, hasa dawa kali na miale inayoelekezwa nyonga, huweza kuuleta ghafla. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa ovari zote mbili huuingia papo hapo, bila kipindi chochote cha maandalizi, na dalili zake huwa kali. Aliyeondolewa mji wa mimba pekee ni kisa tofauti: hedhi hukoma, lakini ovari huendelea na kazi, na miaka baadaye dalili huweza kumjia bila hedhi ya kumwongoza.

Hedhi ikikoma kabla ya umri wa miaka 40, hilo si jambo la kuachwa lipite. Mwanamke huyo anahitaji uchunguzi na aghalabu matibabu, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakuwa vimekosa kinga ya homoni kwa miaka mingi kuliko ya wenzake.

Kinachotokea mwilini

Mabadiliko huanzia katika ovari, yaani vile vifuko viwili vinavyohifadhi mayai ya uzazi. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai kati ya milioni moja na milioni mbili. Anapovunja ungo huwa amebakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ni mayai kama 400 au 500 pekee yatakayopevuka na kutoka. Mengine yote hufa kimyakimya, mwezi baada ya mwezi.

Akiba inapokaribia kwisha, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huongeza nguvu katika kuzihimiza ovari zifanye kazi. Ovari nazo huitikia bila mpangilio: mwezi huu huzalisha homoni ya estrojeni kupita kiasi, mwezi ujao kidogo mno. Isitoshe, mwezi ambao yai halikutoka, homoni ya pili iitwayo projesteroni, ambayo huuzuia utando wa ndani wa mji wa mimba usinenepe ovyo, hukosekana. Utando huo ukishanenepa kisha ukabomoka, damu huwa nyingi. Kwa hiyo wanaodhani kwamba hiki ni kipindi cha homoni kupungua tu hawajakosea sana, lakini wameruka sura ya kwanza. Miaka ya mwanzo ni ya homoni kuyumba, na ndiyo sababu dalili huja kwa wiki tatu, zikatoweka, kisha zikarejea mhusika akiwa ameshazisahau.

Hedhi yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Mnamo 2011 wataalamu kutoka mataifa mbalimbali walihuisha vigezo vya kutambua hatua za safari hii, na kigezo chao hakihitaji maabara. Hesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Huo ndio urefu wa mzunguko. Tofauti kati ya mizunguko miwili inayofuatana ikiwa ni siku saba au zaidi, na hali hiyo ikajirudia ndani ya mizunguko kumi, mwanamke ameingia hatua ya awali. Chukua mfano wa anayepata mzunguko wa siku 28, halafu 36, kisha 27. Hatua ya pili hujulikana pale anapokaa siku 60 au zaidi bila hedhi. Kuanzia hapo kwa kawaida huwa umebaki mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya damu ya mwisho.

Kuna kizuizi kimoja hapa kwetu. Sindano ya kupanga uzazi na vipandikizi vya mkononi, ambavyo ndivyo vinavyotumiwa zaidi nchini, huvuruga hedhi au huikomesha kabisa. Anayevitumia hawezi kuisoma kalenda. Atalazimika kutegemea dalili nyingine pamoja na umri wake, na kuzungumza na muuguzi wa kliniki kabla ya kuamua kuacha.

Fukuto, usingizi na mengineyo

Dalili inayotajwa zaidi ni fukuto la ghafla. Joto huanzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni, moyo ukadunda kwa kasi, jasho likatoka, na baada ya dakika moja hadi tano huenda mwenyewe akahisi baridi. Likimjia usiku humwamsha akiwa ameloa. Utafiti uitwao SWAN, ulioanza nchini Marekani mwaka 1996 na kuwafuatilia wanawake zaidi ya 3,000, ulitoa mwaka 2015 matokeo yaliyowashangaza wengi: nusu ya waliopata fukuto la mara kwa mara walisumbuliwa kwa zaidi ya miaka saba, na miongoni mwa Wamarekani weusi nusu yao walivuka miaka kumi. Hizo si takwimu za Kenya, lakini zinatosha kuuzima ushauri wa kwamba mama avumilie miezi michache tu na mambo yatatulia.

Tatizo ni kwamba katika nchi kama yetu jasho la usiku lina wenyewe. Mama wa Kisumu au Kilifi anayesema anapata joto, jasho na uchovu atatumwa kupimwa malaria, na ni sawa atumwe. Jasho la usiku, likiandamana na kikohozi na kupungua uzito, ni dalili ya kifua kikuu, na huenda pia likaashiria virusi vya ukimwi. Tofauti zipo. Fukuto la ukomohedhi huja na kuondoka kwa dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa. Halimkondeshi mtu wala halimleti kikohozi. Kosa hufanyika pale vipimo vyote vinapotoka safi na bado mgonjwa akapewa dawa za malaria “kwa tahadhari”. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kumwambia mwanamke wa miaka 48 kwamba jasho lake ni la umri, kumbe ana kifua kikuu.

Tezi ya shingoni nayo hudanganya. Ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, mapigo ya moyo na wasiwasi. Ikilegea huleta uchovu, unene na hedhi nzito. Kipimo cha damu huitambua.

Usingizi hukatika hata kwa wasiopata fukuto. Mtu huamka saa tisa za usiku, akili ikiwa macho kabisa, na asubuhi anaenda kazini kama aliyekesha matangani. Kutokana na hilo, na kutokana na homoni zenyewe, kumbukumbu hupwaya: jina la mwenzake wa kazini humkwepa, au akaingia jikoni asikumbuke alichokifuata. Wengi huhofu kwamba wameanza kupoteza akili. Kwa kawaida sivyo, na hali hiyo aghalabu hupungua miaka inapopita.

Hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu na wasiwasi ni sehemu ya kipindi hiki, na hatari ya kupata sonona huongezeka, hususan kwa aliyewahi kuugua awali au aliyepatwa na huzuni kali baada ya kujifungua. Hapa ndipo majina mabaya hutolewa. Mke huambiwa amebadilika, ana kiburi, au amerogwa. Ni vyema mume ajue kwamba mwenziwe hajachagua kukosa usingizi, na kwamba kutotamani tendo la ndoa huenda kukatokana na ukavu wa uke unaolifanya liume, si na chuki. Ukavu huo, pamoja na haja ndogo ya mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo, tofauti na fukuto, hauondoki wenyewe miaka inaposonga. Una tiba rahisi, lakini ni wachache wanaothubutu kuuliza. Viungo kuuma, ngozi kukauka na nywele kupungua pia hutajwa.

Bado mimba yaweza kutunga

Hedhi kuruka miezi miwili si kinga ya mimba. Maadamu ovari hutoa yai hata mara moja kwa miezi kadha, mimba yaweza kutunga, na mimba ya umri huo ina hatari zake kwa mama na mtoto. Ushauri unaofuatwa na madaktari wengi ni kuendelea kupanga uzazi hadi itimie miaka miwili bila hedhi kwa aliye chini ya umri wa miaka 50, na mwaka mmoja kwa aliyeupita. Anayekosa hedhi akiwa na miaka 45 aanze na kipimo cha mkojo kabla ya kusema ni uzee.

Zipo dalili ambazo hazifai kuhusishwa na umri kabla ya uchunguzi. Damu inayolazimu sodo kubadilishwa kila saa kwa saa kadha, au yenye mabonge makubwa; hedhi inayozidi siku saba au inayorudi kabla ya siku 21; damu kati ya hedhi moja na nyingine; damu baada ya tendo la ndoa. Zaidi ya zote, damu yoyote, hata tone, inayoonekana baada ya mwaka mzima wa ukavu. Huenda ikawa ni uvimbe usio wa saratani katika mji wa mimba. Huenda pia ikawa ni saratani ya utando wa mji huo, au ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya na ambayo hutibika ikigunduliwa mapema. Damu nyingi ya kila mwezi, hata isiyo na saratani nyuma yake, huleta upungufu wa damu, na uchovu unaotokana nao hutibiwa kwa madini ya chuma.

Maabara nyingi za mijini siku hizi huuza vipimo vya homoni. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili zilizoelezwa hapo juu, fedha hizo afadhali azitie mfukoni: homoni zinazoyumba zitampa jibu moja leo na jingine wiki ijayo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliwashauri madaktari wasizitegemee kwa kundi hilo la umri. Vipimo hivyo vina maana kwa aliye chini ya miaka 40.

Kuhusu tiba, mjadala ni mrefu na unahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu zaidi dhidi ya fukuto. Ilikimbiwa kote duniani baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusitishwa mwaka 2002 kwa hofu ya saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, manufaa kwa kawaida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu kwa kawaida huelekezwa kwa tiba nyingine, na aliye na mji wa mimba hapaswi kupewa estrojeni bila projesteroni. Kuna pia dawa zisizo za homoni. Ama unga na chupa zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya “kusawazisha homoni”, muuzaji aulizwe kwanza ndani mna nini.

Anayekwenda kumwona daktari na abebe daftari lenye tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita, wingi wa damu, idadi ya mara anazopata fukuto kwa siku, saa anazolala, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kupanga uzazi. Aeleze pia mwaka ambao mamake na dadake mkubwa walikatikiwa na hedhi, na tarehe ya mwisho alipopimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kama hajawahi kupimwa, aombe apimwe siku hiyo hiyo.