Unataka Winchi ya Kutoa na Kurudisha kwa Pikapu? Soma Hii Kabla Fundi wa Magongo Hajawasha Welding

Ni Mei, masika imeshika Pwani, na umepata kazi ya kupeleka simiti ndani ndani huko Kinango. Unashusha mzigo fiti, unageuza urudi Magongo, na ndai inazama matope mpaka kwa ekseli. Mwenye trekta anapatikana, lakini anakutajia bei kama anakuoza binti yake. Hapo ndio kila msee wa pikapu huanza kuota winchi.

Sasa, kuna ile ya kufunga moja kwa moja kwa bampa. Inakaa hapo mwaka mzima, inalalia springi za mbele na uzito wa karibu kilo 40, inakula hewa ya chumvi, na ukiegesha nje ya ploti usiku unaweza kuamka upate imeenda na wenyewe. Ya kutoa inakaa juu ya kitanda cha chuma chenye mkia wa mraba. Mkia unaingia kwa paipu ya mraba ya milimita 50 iliyofungwa kwa chesisi, unapitisha pini ya milimita 16, unachomeka plagi moja nene, basi. Ukiweka paipu mbele na nyingine nyuma, winchi moja inakutoa pande zote mbili. Mkimaliza mnaibeba nyumbani. Nimesema mnaibeba, kwa sababu na kitanda chake inafika kilo 50 na kitu, mgongo wako hauna spea.

Saizi isikusumbue sana. Chukua uzito wa gari ikiwa imejaa mzigo halali, zidisha kwa moja na nusu. Hilux au D-Max ikijaa ni kama tani 3, kwa hivyo unatafuta nguvu ya tani 4 na nusu. Madukani zinahesabiwa kwa paundi, na paundi 10,000 ni kama kilo 4,540. Jua pia kwamba hiyo namba ni ya kamba ikiwa imebaki mzunguko wa kwanza kwa ngoma. Kamba ikiwa bado imejaa, nguvu inashuka.

Chuma kwanza

Magongo fundi wa welding hakosi. Trela za bandarini zinapita hapo usiku na mchana na lazima kuna mtu wa kuziunga. Shida ni kwamba fundi anayejua kuunga trela anaweza kukuangalia pikapu akaona kazi ndogo, akapachika ile paipu kwa bampa na vipande viwili vya angle. Mkatae hapo hapo, kwa heshima. Bampa ya pikapu ni bati ya kupendeza watu. Winchi ikivuta tani 4, bampa ndio itakuja, gari ibaki kwa matope.

Paipu inafaa kushikwa na bamba la chuma la milimita 6 au zaidi linalofika reli zote mbili za chesisi, kushoto na kulia, na lifungwe kwa bolti. Angalia kichwa cha bolti: ikiwa imeandikwa 8.8 au 10.9, poa. Ikiwa haina namba yoyote, rudisha dukani. Tumia matundu yaliyotoka na chesisi kiwandani kama yanafika, maana kutoboa na kuunga chesisi ovyo kunaidhoofisha. Pale ambapo lazima welding iguse gari, mwambie fundi atoe waya za betri kwanza, la sivyo unaweza kuzika kompyuta ya gari. Na kama pikapu yako ina airbag, usimruhusu akate au asogeze chochote nyuma ya bampa ya mbele kabla hajajua sensa ziko wapi.

Kitu kingine kidogo: namba ya gari isifichwe na hicho kitanda, usije ukampa afande sababu. Na mwambie mtu wa bima kwamba umebadilisha gari, kabla hujamhitaji.

Waya ndio mchezo wenyewe

Hapa ndio ndai huungua, kwa hivyo tulia.

Winchi ya saizi hiyo kwa betri ya volti 12 ikibanwa kabisa inaweza kuvuta zaidi ya ampia 400. Linganisha na taa zako mbili za mbele, ambazo zote pamoja hazifiki ampia 12. Ukichukua waya wa redio ukaufunga hapo, umetengeneza jiko.

Tufanye hesabu. Betri iko mbele. Plagi ya mbele iko mita 2 kutoka kwa betri, kwenda na kurudi mita 4. Kwa kebo ya shaba ya milimita mraba 35, ampia 400 zinapoteza kama volti 0.8 njiani. Hiyo inavumilika. Plagi ya nyuma iko mita 6, kwenda na kurudi 12. Kebo ile ile inapoteza volti 2.4, yaani joto la wati 960. Hiyo ni pasi ya nguo iliyowashwa, imelala chini ya bodi yako, karibu na tangi. Ukipanda hadi milimita mraba 70, unapoteza volti 1.2 tu. Kwa hivyo mbele weka 35 ama 50, nyuma usishuke 70.

Kebo laini ya welding inafanya kazi vizuri, lakini ipitishe ndani ya mpira mgumu, mbali na ekzosi, na uifunge kwa chesisi isicheze. Ukinunua, kwaruza nyaya na kisu. Ikitoka nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, wamekuona mgeni. Vichwa vya shaba vya mwisho wa kebo vikazwe kwa koleo ya haidroliki. Kuponda na nyundo ni mambo ya mkokoteni. Halafu funika na mpira wa kujikaza kwa moto na upake grisi, maana hii hewa yetu ya bahari inageuza shaba kijani kabla hujamaliza kulipa deni la winchi.

Waya hasi urudi mpaka kwa betri yenyewe. Fundi atakwambia ethi ni ethi, funga popote kwa chesisi. Kwa taa ni sawa. Kwa ampia 400, ile nati yenye kutu ndio itageuka kuwa jiko.

Plagi tumia zile za Anderson za rangi ya kijivu zenye miguu miwili mikubwa. Kuna za ampia 175 na za 350. Kwa winchi ya paundi 10,000 nenda na 350, na ununue kifuniko cha mpira.

Halafu kuna kitu ambacho ukinyamaza hutawekewa: swichi kubwa ya kukata moto, kwenye waya chanya, karibu na betri, pamoja na fyuzi ya ampia 400 au 500. Bila swichi, ile plagi ya bampa ina moto wa betri saa zote. Ukigongwa mbele Changamwe kwa jam, kebo inabanwa na chesisi na gari inawaka ukiwa ndani. Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Zile solenoidi zinazowasha winchi zinaweza kushikana kwa joto, hasa volti zikishuka. Unaachilia kidude cha remoti, winchi inaendelea kuvuta. Mkono wa beshte uko kwa kamba. Ile swichi ndio kitu pekee kitakachoizima. Plagi usiichomoe winchi ikivuta, itakurushia cheche usoni. Kwa hivyo swichi ikae mahali unafikia bila kuruka kamba, na kila unapovuta, mtu mmoja asimame hapo, asifanye kazi nyingine.

Siku ya kuvuta

Engine iwe inanguruma. Oltaneta ya pikapu inatoa kama ampia 80 hadi 120, zingine zote zinatoka kwa betri, kwa hivyo vuta kama dakika moja, pumzisha mota ipoe, rudia. Vuta kamba ikiwa imenyooka mbele ya gari. Kitanda cha kutoa kimeshikwa na mkia mmoja tu, ukivuta kwa pembe kali unaupinda. Gari ikikataa, tumia puli: kamba inakwenda kwa mti na kurudi kwa gari, nguvu inakuwa karibu mara mbili, spidi inashuka nusu, na waya zako zinapumua.

Mti ufungwe kwa mkanda mpana, chini karibu na ardhi. Mwembe mkubwa ni salama kuliko mnazi, na mnazi una mwenyewe, ukiuchuna utalipa. Acha mizunguko mitano ya kamba ya chuma kwa ngoma, kumi kama ni ya sintetiki. Vaa glavu. Tupa blanketi au gunia zito katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka.

Watu watakuja kutazama, hiyo ni lazima, na watoto ndio wa kwanza. Wasogeze mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka, na asiwepo hata mmoja wa kuiruka. Wakikataa kusogea, zima winchi ukae chini. Watachoka kabla yako.

Kabla hujaenda Kinango, jaribu kwanza hapo mtaani. Toa kamba mpya yote isipokuwa ile mizunguko ya kubaki kwa ngoma, ifunge kwa gari ya beshte kwenye mlima kidogo, irudishe ikiwa imebana ili ijipange vizuri kwa ngoma. Baada ya nusu dakika zima swichi, halafu gusa kila kichwa cha kebo na kila upande wa plagi. Kilichochoma kidole hakikukazwa. Mrudishie fundi kabla hujamlipa salio.