Kamisheni ya kuhuisha bima: wakala akinyimwa, adai wapi?

Mwendesha bodaboda wa Nyarubungo hukata bima ndogo mwaka wa kwanza kwa sababu kuna mtu amemfuata kijiweni, akamweleza na kumwandikisha. Mwaka wa pili analipa mwenyewe kwa simu. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: kamisheni ya mwaka huo wa pili ni ya nani, ya aliyemleta mteja au ya ofisi ya uwakala?

Maswali ya namna hii hutufikia, na mara nyingi anayeuliza hadai mamilioni. Wateja 40, kila mmoja akiwa na kamisheni ya shilingi 6,000, ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Ikizuiwa miaka mitatu ni 720,000, na hiyo ni ada ya shule na mbolea.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Bima ya gari au pikipiki ikihuishwa, kwa kawaida unaanza mkataba mpya wa mwaka mwingine. Bima ya maisha ni mkataba mmoja unaokwenda miaka mingi, na kamisheni yake huwa kubwa mwanzoni kisha hushuka. Hivyo wakala wa bima ya maisha huwa na hoja nyepesi kuieleza: mkataba alioutafuta ndio uleule unaoendelea kulipiwa. Wa pikipiki atahitaji kuonyesha kwamba walikubaliana alipwe kila mteja wake anaporudi.

Makubaliano hayo ndiyo roho ya dai. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Kazi ni kuyathibitisha. Sheria hiyohiyo inasema kwamba pasipo makubaliano maalumu, ujira wa wakala hudaiwa kazi ikishakamilika. Inasema pia kwamba wakala aliyefanya hila katika kazi aliyopewa hana haki ya ujira wa kazi hiyo. Ofisi nyingi hujitetea hapo hapo: "alikula hela za wateja." Kwa hiyo usizuie ada ya mteja ili ujilipe. Ada isipofika kampuni ya bima, mteja anaweza kubaki barabarani bila kinga, na bima ndogo ni lazima kisheria kwa kila chombo cha moto.

Andaa ushahidi kabla ya kugombana: mkataba au barua ya kukuteua, majina ya wateja na namba za usajili wa vyombo vyao, tarehe za kuhuisha, risiti, na jumbe za malipo uliyowahi kupokea. Jumbe hizo usizifute. Kama ofisi ilikulipa kamisheni ya kuhuisha mwaka mmoja na miwili, ni alama nzuri kwamba ndivyo mlivyokubaliana. Stika za bima siku hizi ni za kielektroniki na zinahakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hivyo si rahisi kukana kwamba chombo kimekatiwa bima.

Kisha andika barua ya madai, utaje kiasi na siku ya mwisho ya kulipwa, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Peleka nakala kwenye tawi la kampuni ya bima pia, maana kampuni inajua imeilipa ofisi kiasi gani.

TIRA, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza, ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala, na unaweza kulalamika huko kuhusu mwenendo wa mwenye leseni. Ila TIRA si mahakama ya madeni. Msuluhishi wa Migogoro ya Bima naye aliwekwa kwa ajili ya wateja wenye mgogoro na kampuni zao.

Sasa jambo linalowaponza wengi: muda. Je, wewe ni wakala wa kujitegemea au mfanyakazi? Jina lililo kwenye mkataba halimalizi swali. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inatazama kama unapangiwa saa, unasimamiwa namna ya kufanya kazi, unategemea ofisi hiyo moja kwa riziki, au unapewa vitendea kazi. Ukiwa mfanyakazi, dai la malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Kama umeachishwa kazi na unapinga kuachishwa huko, ni siku 30 tu. Wakala wa kujitegemea anadai kwa mkataba mahakamani, na Sheria ya Ukomo inampa miaka sita. Deni dogo la mkataba linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Kama hujui uko upande gani, hesabu siku 60 kwanza, kisha muone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani kwako, Biharamulo au Ngara. Huduma yake haina malipo kwa asiye na uwezo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nenda na ile orodha ya wateja, na simu yenye jumbe za malipo.