Tanuru, Randa na Cheti: Historia ya Mafunzo ya Useremala Ufipa

Historia ya mafunzo ya useremala katika uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na mwambao wa Kipili kwenye Ziwa Tanganyika inaanzia kwenye chuma kabla ya kufika kwenye mbao, kwa kuwa shoka lililoangusha mti lilitokana na chuma ambacho Wafipa walikiyeyusha wenyewe kwa vizazi kadhaa kabla ya ujio wa wakoloni. Kazi hiyo ilifanyika katika ilungu, yaani tanuru refu la udongo lililovuta hewa kupitia matundu ya chini bila kutumia mivuo, na chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe kabla ya kufuliwa. Mtaalamu wa akiolojia Bertram Mapunda, aliyechunguza mabaki ya matanuru ya Wilaya ya Nkasi, yenye mwambao wa Kipili, katika miaka ya 1990, ameonyesha kwamba mwambao huo ulijua pia mbinu za uyeyushaji zilizotofautiana na ile ya ilungu.

Kinachohusu elimu hapa ni namna ujuzi huo ulivyorithishwa. Fundi mkuu alimiliki intangala, kikapu cha dawa na vifaa vya matambiko ambavyo bila ya hivyo tanuru halikuwashwa, na kwa hiyo kijana aliyejifunza kwake alipokea maarifa ya udongo, makaa na moto pamoja na miiko iliyoyazunguka. Hapakuwa na mtihani uliotengwa na kazi, kwani fundi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu na ndiye aliyeamua ni nani anayestahili kurithi siri zake.

Utaratibu mwingine uliletwa na Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Wamisionari hao walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, wakakabidhiwa ngome ya Karema kwenye ziwa hilohilo mwaka 1885, na chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati, yaani jimbo la kimisionari, ya Tanganyika tangu mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, wakaeneza misheni zao mwambaoni na juu ya uwanda. Kila misheni ilihitaji kenchi za paa, milango, madirisha na mabenchi, na kazi hizo ziliangukia hasa kwa mabruda, yaani watawa wasio mapadri, pamoja na vijana waliofanya kazi chini yao. Randa ya kulainisha ubao, patasi ya kutobolea na kiungo cha ulimi na tundu, ambacho huunganisha vipande viwili kwa kuchomeka ncha iliyochongwa ndani ya shimo linalolingana nayo, vilifundishwa juu ya kazi yenyewe, na jengo lililosimama ndilo lililothibitisha ujuzi. Padri Wyckaert wa shirika hilo, katika makala aliyoichapisha mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, aliwalinganisha wahunzi wa Kipagani na wa Kikristo wa eneo hilo, jambo linaloonyesha kwamba dini mpya ilikuwa imeshaanza kutenganisha ufundi na matambiko yake.

Jiografia nayo iliugawa useremala. Uwanda wa juu kwa sehemu kubwa ni mbuga za majani zenye miti michache, ilhali miti ya mbao ngumu kama mninga hustawi katika misitu ya miombo iliyo chini zaidi, na mwambaoni mafundi walihitajika pia kwa mitumbwi na mashua. Kipili, iliyokuwa mojawapo ya vituo vya meli ya Liemba iliyoanza safari zake kwa jina hilo mwaka 1927, iliunganisha pande hizo mbili.

Serikali iliingia katika mafunzo hayo kwa mpango wa kitaifa. Shule ya ufundi ya Ifunda, Iringa, ilianza mwaka 1951. Baada ya uhuru, vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo Chala katika Wilaya ya Nkasi ni mojawapo, vilianzishwa kuanzia mwaka 1975, na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974 ikafuatwa na ile ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Majaribio ya ufundi ya Daraja la Tatu, la Pili na la Kwanza yalimhamishia mtahini wa nje mamlaka yaliyokuwa ya mwalimu, na seremala akaweza kutambulika hata mahali ambako kazi yake haijaonekana.

Faida ya mabadiliko hayo ni kubwa kwa fundi anayehama au anayeomba zabuni, lakini yaliwaacha nje mafundi wengi waliojifunza kwa kukaa karakanani na fundi mzoefu. Ndiyo maana VETA imeanzisha utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anayepimwa hufanya kazi mbele ya mtahini, kisha hupewa cheti bila kulazimika kurudia chuo. Kwa hatua hiyo dola imekiri kwamba karakana ya fundi ni shule, ingawa haki ya kumtangaza mhitimu wake haijairudisha kwa fundi aliyemfundisha.