Les Amants na Majaji Tisa

Katika tamasha la sinema la Venice la mwaka 1958 ilionyeshwa picha ya Kifaransa iitwayo Les Amants, maana yake Wapenzi, kazi ya Louis Malle, kijana ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 26. Na ijapokuwa waamuzi waliitunuku tuzo yao maalumu, makelele ya kwamba ni fedheha yalikuwa yamekwisha kuanza.

Kisa chenyewe, ambacho asili yake ni hadithi fupi ya Vivant Denon wa karne ya 18, na ambacho Bibi Louise de Vilmorin alikiandika upya kwa ajili ya sinema, ni chepesi kusimulika. Jeanne, mke wa tajiri mwenye gazeti mjini Dijon, amechoshwa na mume asiyemjali, na hata na hawara wake wa Paris, mcheza polo. Siku moja gari lake linamharibikia njiani, anachukuliwa na kijana mchimbaji wa mambo ya kale mwenye kigari hafifu cha Citroën, na usiku uo huo, mume na hawara wakiwa wamelala chini ya dari moja, wawili hao wanakutana bustanini.

Hapo ndipo penye uzuri wote wa kazi hii. Mpiga picha Henri Decaë ameumwaga mwanga wa mbalamwezi juu ya miti na maji, wapenzi wamo mashuani, na muziki wa Brahms wa vinanda sita unapanda na kushuka kama pumzi ya mtu. Kisha, chumbani, kamera inatua usoni mwa Jeanne Moreau, mwigizaji wa nafasi ya mke huyo, na kwenye mkono wake ulionyooka juu ya shuka, na yaliyosalia mtazamaji anaachiwa ayakamilishe mwenyewe. Alfajiri mwanamke anaondoka, akimwacha mume na binti yake mdogo, na sauti yake inatuambia kuwa ana hofu, ameanza kuingiwa na shaka, lakini hajuti.

Kwa rai yangu, neno hilo la mwisho ndilo lililowaudhi watu kuliko shuka na mkono. Sinema ilikwisha kuwazoea wanawake waliozisaliti ndoa zao, ila kwa sharti kwamba kabla taa hazijawashwa wafe, au walie, au warudi nyumbani. Huyu anapanda kigari na kwenda zake.

Huko Marekani mambo yalifika mahakamani. Novemba 1959 Nico Jacobellis, msimamizi wa jumba la sinema huko Cleveland Heights, jimbo la Ohio, aliionyesha picha hiyo, akashitakiwa kwa kuwa nayo na kwa kuionyesha, kwa madai kwamba ni picha chafu, akatozwa faini ya dola 2,500 kwa jumla, na mahakama kuu ya jimbo ikaithibitisha hukumu. Rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi, ambako majaji walilazimika kuiangalia picha yenyewe, na tarehe 22 Juni 1964, kwa kura sita dhidi ya tatu, hukumu ikatenguliwa. Jaji Brennan hakuacha kutaja kwamba wahakiki kadhaa walikuwa wameisifu, na kwamba ilikwisha kuonyeshwa katika miji mikubwa ipatayo 100, miwili kati yake ikiwa katika jimbo lilo hilo la Ohio. Naye Jaji Goldberg akaona tendo linalolalamikiwa ni la kupita upesi mno, kiasi kwamba mtu asingelitambua lau si wakaguzi wa sinema waliompigia mbiu.

Lakini aliyepata sifa ni Jaji Potter Stewart, aliyekiri kuwa hawezi kuueleza uchafu ni nini, ila akiuona anaujua, na kwamba picha iliyo mbele yake siyo. Wanaoikariri kauli yake hadi leo, nao ni wengi, aghalabu hukomea kwenye kujua na kuona. Kipande cha mwisho hawakisemi, wala hawajui ni picha gani aliyokuwa ameitazama.