Wikipedia ikiomba mchango, pesa inakwenda wapi? Na Chwaka inapata nini?

Wikipedia ni bure kusoma, lakini ina kipindi chake cha kuomba. Bango linajitokeza juu ya makala na kumtaka msomaji achangie. Wapo wanaodhani tovuti inakaribia kufungwa, na wapo wanaodhani ni utapeli. Yote mawili si kweli. Haya ndiyo ya kujua kabla hujatoa hata shilingi.

Nani anaomba?

Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Tangu mwaka 2003 inasimamiwa na Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida lenye makao San Francisco, Marekani. Shirika hilo hilo linasimamia Wikimedia Commons (hazina ya picha), Wikidata na Wikamusi.

Pembeni yake kuna mtandao wa vikundi vya watu wa kujitolea duniani kote. Tanzania nayo ina kikundi chake, Wikimedia Community User Group Tanzania. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000.

Wikipedia haiweki matangazo ya biashara. Ndiyo maana inaomba.

Pesa ni kiasi gani?

Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, Wikimedia Foundation ilipata takriban dola milioni 185 na kutumia takriban dola milioni 178. Sehemu kubwa ya mapato hayo ni michango midogo midogo ya mamilioni ya wasomaji. Kampeni kubwa zaidi ya Kiingereza hufanyika mwisho wa mwaka, katika nchi kama Marekani, Uingereza, Canada na Australia.

Fungu kubwa la matumizi ni mishahara ya wafanyakazi: mafundi wa mitambo, wanasheria, watu wa usalama wa mtandao na wasimamizi wa ruzuku. Kilichobaki kinalipia seva, ruzuku na shughuli nyengine.

Waandishi wa makala hawamo kwenye hesabu hiyo. Wao hawalipwi. Aliyeandika makala uliyoisoma jana usiku alitumia muda wake na bando lake.

Kuna wakfu pia

Watu wa Zanzibar hawahitaji maelezo marefu hapa. Mali inawekwa wakfu, shina haliguswi, faida yake ndiyo inayotumika. Wikimedia ilianzisha mfuko wa namna hiyo Januari 2016, ukiitwa Wikimedia Endowment, na mwaka 2021 ukafikia lengo lake la dola milioni 100. Nia ni kwamba Wikipedia ibaki hewani hata michango ikipungua siku za mbele.

Kwa hiyo ukiona bango, usisome kama vile taa zinazimwa kesho. Wenyewe wa ndani walishalilalamikia hilo. Mwishoni mwa 2022, wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiingereza walijadili maneno ya mabango na kusema yanampotosha msomaji, yanamfanya aone hali ni mbaya kuliko ilivyo. Shirika likabadilisha maneno yale kwenye kampeni ya mwaka huo.

Chwaka inaingia wapi?

Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, ni kati ya sehemu za bahari zilizofanyiwa utafiti mwingi kwenye mwambao wetu. Mikoko yake, nyasi za bahari, uvuvi wa madema na kilimo cha mwani vyote vimeandikwa na wataalamu. Mwaka 2012, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao hapa hapa Unguja, ilitoa kitabu kizima kuhusu ghuba hiyo. Kimeandikwa kwa Kiingereza.

Sasa mtazame mwanafunzi wa skuli ya Chwaka mwenye simu mkononi. Ghuba iko mbele yake, utafiti upo, lakini kwa lugha anayoisoma kwa raha anapata kidogo. Makala nyingi za vijiji na shehia kwenye Wikipedia ya Kiswahili ni fupi: jina, wilaya, mkoa, idadi ya watu, basi.

Je, ukichangia kupitia bango, pesa yako itarefusha makala ya Chwaka? Hapana, si moja kwa moja. Mchango unaingia kwenye mfuko mkuu na huwezi kuchagua kijiji.

Njia ya pesa kurudi huku ni ruzuku. Kikundi kinaandika ombi, kinaeleza kitafanya nini na bajeti yake ni kiasi gani. Ruzuku ndogo za haraka huwa kati ya dola 500 na 5,000. Zinaweza kulipia ukumbi, bando, nauli na chakula cha siku ya mafunzo. Hazikusudiwi kumlipa mtu kwa kila makala anayoandika. Maombi na ripoti huwekwa hadharani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukagua nani aliomba na alifanya nini.

Kizuizi ambacho pesa haitatui

Wikipedia inataka kila jambo liwe na chanzo kilichochapishwa. Mzee wa Chwaka anayejua bamvua, majina ya miamba na wapi pa kutega dema hawezi kuwekwa kama chanzo kwa maneno yake matupu. Mpaka elimu hiyo iandikwe mahali, iwe gazeti, kitabu au utafiti, makala itabaki na pengo. Hapo kinachohitajika ni watu wa kukaa na wazee na kuandika.

Ukitaka kuchangia

• Pesa: tumia anwani rasmi, donate.wikimedia.org, na iandike mwenyewe. Usibonyeze linki uliyotumiwa WhatsApp, wala usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi.

• Kusoma ni bure. Anayekudai malipo ili "uingie Wikipedia" au akuandikie makala ya kukusifu, mkimbie.

• Picha: piga ya ghuba, soko la samaki au mashamba ya mwani, uipakie Wikimedia Commons. Lakini fahamu, ukishaitoa kwa leseni huria, mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, na huwezi kuirudisha. Ukimpiga mtu picha, muombe ruhusa kwanza.

• Maandishi: fungua akaunti, tafuta makala fupi ya mtaa wako, ongeza sentensi moja yenye chanzo. Simu inatosha.

Agosti 2025 mkutano mkuu wa Wikimedia duniani, Wikimania, ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza Afrika Mashariki. Sehemu ya michango ya mabango ndiyo inayowezesha mikutano kama hiyo. Lakini ghuba ya Chwaka itaelezwa vizuri kwa Kiswahili pale tu wanaoijua watakapokaa na kuiandika.