Gobori na Masafa Yake: Habari za Silaha Moja Katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika habari za vita na uwindaji wa Nyanda za Juu za Kusini, neno "bunduki" hutumika mara nyingi pasipo kupambanuliwa. Yaelezwa kwamba watu fulani walikuwa na bunduki na wengine hawakuwa nazo, kana kwamba bunduki ni kitu kimoja tu tangu zamani hata leo. Wazee wa pwani hawakusema hivyo. Wao walitenga bunduki ya mrao, iwashwayo kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa cheche ya jiwe. Na bunduki ya fataki, iwashwayo kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake. Zote tatu zilishindiliwa kwa mdomoni, na aghalabu zote huitwa gobori. Tofauti kubwa kati ya gobori na bunduki zilizokuja baadaye ilikuwa ni masafa. Mwenye kutaka kufahamu yaliyotokea Uhehe, Usangu na Ubena katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yampasa aanze kwa kuuliza swali dogo: gobori hupiga hatua ngapi?

Namna gobori lilivyopiga

Gobori la kawaida lina kasiba ndefu, laini ndani, isiyo na mifuo. Mpigaji humimina baruti mdomoni, akaishindilia kwa mdeki, akatia kizibo cha kitambaa au nyuzi za magome, kisha risasi ya mviringo, na kizibo kingine juu yake ili risasi isiteleze atakapoinamisha bunduki. Mwisho hutia fataki juu ya kifa, au baruti laini kidogo ikiwa ni bunduki ya gumegume. Kazi hiyo yote huchukua nusu dakika au zaidi kwa mtu asiye askari wa mazoezi, na wakati huo mnyama hamngoji mtu.

Risasi ilikuwa lazima iwe ndogo kidogo kuliko kasiba, maana baruti ya zamani huacha masizi mengi, na risasi iliyobana sana haishuki baada ya kupiga mara mbili au tatu. Kwa sababu ya nafasi hiyo risasi hugonga upande huu na upande huu ikiwa njiani kutoka, na ugongaji wa mwisho ndio uamuao itakwenda wapi. Mtu hodari aweza kuelekeza bunduki vyema kabisa, na risasi ikaenda kando. Zaidi ya hayo, risasi ya mviringo hupoteza mwendo upesi hewani. Ikitoka mdomoni kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, katika mita 50 imekwisha kushuka kiasi cha upana wa kiganja, na katika mita 100 imeshuka karibu nusu mita. Baruti ikiwa dhaifu, hushuka zaidi.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Kipimo kilichojulikana Ulaya ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Baruti ya biashara iliyoletwa bara ilikuwa hafifu kuliko ile ya majeshi, na safari ndefu katika masika iliizidishia unyevu. Kwa hiyo gobori lile lile, lililoshindiliwa na mtu yule yule, halikupiga sawa wakati wa kiangazi na wakati wa mvua.

Ukiyajumlisha hayo, kiasi cha masafa chajitokeza. Mwindaji aliyetaka kumpiga tohe au pongo nyuma ya bega, mahali pasipozidi upana wa mikono miwili, alipaswa kumkaribia kwa hatua 40 au 50. Kwa hatua 70 alibahatisha. Zaidi ya hatua 100 alipoteza baruti na kuwafukuza wanyama.

Shabaha

Magobori mengi hayakuwa na alama ya nyuma ya kulengea. Yalikuwa na kijipande cha chuma karibu na mdomo, au hayakuwa na alama yo yote. Mpigaji alitazama juu ya kasiba, akaweka shavu lake juu ya kitako mahali pale pale kila mara. Shavu likiinuka kidogo, risasi huenda juu. Na hapo jicho lenyewe ndilo linalokuwa alama ya nyuma.

Kwa hiyo kuijaribu bunduki hakukuwa kuirekebisha bunduki, bali kumzoeza mtu. Bunduki ya leo hugeuzwa alama zake mpaka zikubaliane na risasi. Gobori halina cha kugeuza. Mwenye nalo hutia alama juu ya gamba la mti, akasimama hatua 20, akapiga mara tatu kwa kipimo kile kile cha baruti, akatazama risasi zimekusanyika wapi. Zikienda kushoto, ajua kwamba lazima alenge kulia. Zikipanda, hulenga chini ya kifua. Kisha hurudi nyuma mpaka hatua 40. Mahali ambapo risasi tatu hazikai tena katika eneo la bega la mnyama, hapo ndipo mwisho wa bunduki yake, na akipewa bunduki nyingine huanza upya. Kibuyu kidogo au kipande cha pembe alichopimia baruti kilikuwa na thamani sawa na bunduki yenyewe, kwa kuwa kipimo kikibadilika, shabaha nayo imebadilika.

Yafaa wachunguzi wa lugha walitazame neno hilo. Shabaha latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufanana, na katika Kiswahili mzizi huo huo umetoa kitenzi "kushabihi." Shabaha basi ni kulinganisha: kulikubalisha jicho, kasiba na mnyama. Kwa mwenye gobori maana hiyo ilikuwa kazi ya kila siku.

Jambo jingine ni kuchelewa kwa moto. Katika bunduki ya gumegume kuna kitambo kidogo baina ya kufyatua mtambo na kutoka kwa risasi, na moshi na cheche hutokea karibu na jicho. Asiyezoea hupepesa au kurudisha bega, na risasi imekwenda. Mwindaji mzuri alijulikana kwa kutulia baada ya kufyatua, si kabla yake tu.

Gobori na mkuki

Bunduki hizi zilifika Nyanda za Juu kwa njia za misafara ya biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1877, Mwingereza J. Frederic Elton alipopita Usangu, alimkuta Merere katika vita na Wahehe. Katika miaka iliyofuata silaha ziliingia Afrika ya Mashariki kwa wingi, kwa sababu majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha bunduki za kushindilia na kuchukua zile zinazotiwa risasi kwa nyuma. Zile za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka.

Pamoja na wingi huo, jeshi la Wahehe chini ya Munyigumba na kisha chini ya mwanawe Mkwawa liliendelea kuwa jeshi la mkuki na ngao. Wengine wamedhani kwamba sababu ni uhaba wa bunduki tu. Lakini masafa yaeleza zaidi. Silaha yenye kuaminika kwa hatua 50, nayo yahitaji nusu dakika kabla ya kupiga tena, haimzuii mtu mwenye mkuki akimbiaye. Katika nusu dakika huyo amekwisha kufika. Gobori lilikuwa nyongeza ya mkuki: lilipiga mara moja mwanzoni, likatoa ishara, likatisha, kisha mkuki ukafanya kazi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski ulivamiwa na Wahehe ukiwa njiani katika safu ndefu. Askari wake walichukua bunduki za Mauser zenye mifuo, ambazo alama zake za nyuma ziliandikwa masafa ya zaidi ya mita 1,000, na pamoja nazo walikuwa na mizinga. Yasimuliwa kwamba mlio wa bunduki moja ndio uliokuwa ishara, na kwamba askari wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya mara moja au mbili. Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wengine tisa na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zipatazo 300 zikatwaliwa na Wahehe.

Ushindi huo umeelezwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Lakini palikuwapo na elimu pia. Wahehe walivizia vichakani na kuanza vita kwa umbali ambao bunduki ya mita 1,000 haina faida juu ya mkuki. Hiyo ndiyo elimu ya mwindaji, ambaye huchagua mahali, hukaa upande usiotoa harufu kwa upepo, na hangoji mnyama aonekane tu, bali afike.

Wajerumani nao walijifunza. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliitwaa ngome ya Kalenga baada ya kuipiga kwanza kwa mizinga. Safari hiyo waliochagua umbali ni wao. Mkwawa aliendelea na vita vya kuvizia porini, ambako masafa mafupi yalirudi kuwa upande wake, hata alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Ubenani, mwezi wa Septemba 1905 wakati wa vita vya Majimaji, waliokishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, walirudishwa nyuma kwa risasi. Na huko Mahenge, majuma machache kabla ya hapo, bombom lilikuwa limeua watu wengi kabla hawajafika karibu. Imani kwamba risasi zingegeuka maji ilikuwa na matumaini haya ndani yake: kwamba ule umbali wa katikati ungeweza kuvukwa salama.

Masafa yawa sheria

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba juu ya biashara ya watumwa. Katika mkataba huo yalikataza kuingiza silaha katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Lakini waliacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti hafifu ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Ndivyo mpaka ulivyowekwa baina ya silaha za watu na silaha za serikali, nao ulikuwa mpaka wa masafa: bunduki ya hatua 50 kwa Mwafrika, na bunduki ya mita 1,000 kwa aliyemtawala.

Uwindaji ulifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama, nayo ilidai leseni kwa mwindaji. Chini ya Waingereza palikuwa na sheria nyingine, miongoni mwake ile ya hifadhi ya wanyama ya mwaka 1951. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikaanzishwa. Mzee wa Usangu au wa Uhehe mwenye gobori la kulinda mahindi yake na nguruwe alijikuta, katika maisha ya mtu mmoja, akiitwa mwindaji, kisha mwenye leseni, kisha mjangili, hali bunduki yake ilikuwa ile ile na hatua zake ni zile zile. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba gobori huacha majeruhi: mnyama aliyepigwa kwa hatua 90 huenda akafia mbali asikopatikana. Wenye kujua kazi yao walilaumu jambo hilo kabla ya sheria kulilaumu. Leo silaha zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na magobori yasiyosajiliwa hudaiwa yasalimishwe polisi.

Kinachopotea

Gobori likisalimishwa, lililobaki ni maneno. Mengi yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939: mdeki, kifa, mrao, kasiba, marisau. Wengi wa vijana hawayajui tena. Neno mzinga limesalimika kwa sababu lilitangulia kuwa la wafuga nyuki, likaazimwa na wapiga mizinga, na lingali na kazi zote mbili. Lakini maneno ya Kihehe, Kisangu, Kibena na Kisafwa ya kutaja sehemu za bunduki, vipimo vya baruti na hatua za kumkaribia mnyama hayana kamusi kubwa ya kuyatunza. Yamo vinywani mwa wahunzi na wawindaji wachache walio wazee. Yafaa yakusanywe sasa, na mkusanyaji asiulize majina tu. Na aulize pia: kwa bunduki hii, mzee, ulisimama hatua ngapi? Jibu la swali hilo halimo katika taarifa za magavana.